Bati la Kwanza Upande wa Barabara

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa nyundo. Ilikuwa Makambako, kwenye ghala jipya la mfanyabiashara wa mahindi, upande wa pili wa reli. Nilifika asubuhi nimevaa sweta la shule na viatu vya kuazima, nikawakuta mafundi watano wamekaa juu ya rundo la mbao wanakunywa chai. Kiongozi wao tulimwita Fundi Mkuu. Alikuwa mtu wa Tanga, Mwislamu, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo hata hivyo ilifika hadi juu ya kenchi, zile mbao kubwa zinazobeba paa. Hakuniuliza jina. Aliniuliza upepo unatoka wapi.

Nilitazama juu, nikatazama miti, nikamwambia sijui.

"Umezaliwa wapi wewe?"

"Hapahapa, mzee. Makambako."

"Umezaliwa hapa, umekulia hapa, na upepo wa kwenu huujui. Sasa unajua nini?"

Wenzake walicheka. Mmoja alisema huenda najua kula. Fundi Mkuu alichukua fito, akafunga utepe wa nailoni kwenye ncha yake, akanituma nikasimame kwenye kona ya jengo na kuangalia utepe unaelekea wapi. Nilisimama pale hadi saa sita mchana, macho yamejaa vumbi. Alipokuja nilimwambia utepe umeelekea magharibi muda wote.

"Basi upepo unatoka mashariki, na sisi tunaanzia magharibi. Kesho utabeba mabati."

Sababu yake aliieleza siku hiyohiyo, akitumia viganja viwili kama mabati. Mabati hupangwa kwa kulaliana: bati la pili hupanda juu ya ukingo wa bati la kwanza, la tatu juu ya la pili, hivyohivyo hadi mwisho. Kila mahali yanapolaliana pana mwanya mwembamba. Ukianzia upande upepo unakoelekea na kumalizia upande unakotoka, mwanya huo unaupa upepo mgongo. Ukianza kinyume, kila mwanya unautazama upepo usoni, na mvua yenye upepo itasukumwa ndani. Mvua iliyotulia haitaingia. Kwa hiyo kosa hili mtu anaweza kuishi nalo miezi mingi bila kulijua.

Jambo la pili nililojifunza kwake halikuhusu upepo. Kwetu katika nyanda hizi, familia nyingi zikifika hatua ya kuezeka huita mchungaji na majirani kuombea bati la kwanza. Watu husimama mbele ya nyumba, upande wa barabara, kwa sababu ndipo penye nafasi na ndipo mwenye nyumba anapotaka aonekane. Bati hupandishwa hapo mbele, mchungaji anaomba, kwaya inaimba wimbo mmoja au miwili, kisha watu wanakwenda kula. Mara nyingi hapo sipo fundi anapotakiwa kuanzia.

Fundi Mkuu alikuwa na njia yake. Alilipandisha bati pale walipotaka, akalishika kwa misumari miwili tu iliyopigwa nusu, akavua kofia ya kazi na kuinamisha kichwa sala ilipoanza. Watu walipokwenda kwenye wali na nyama, alipanda tena polepole, akang'oa misumari miwili, akalishusha bati na kuliegemeza ukutani. Kisha tulianza kazi kule ilikotakiwa kuanzia. Bati la sala lilisubiri zamu yake, na siku ya mwisho lilirudi mahali palepale lilipoombewa. Sikumbuki mwenye nyumba hata mmoja aliyelalamika. Wengi hawakujua.

Kwa Fundi Mkuu nilikaa miaka sita. Baadaye nilichukuliwa na idara ya ujenzi ya misheni moja karibu na Njombe, iliyokuwa ikijenga madarasa na nyumba za watumishi. Bosi wangu huko alikuwa Msimamizi wa Majengo, mtu mpole asiyependa kurudia neno. Hakuwahi kupanda juu ya bati. Alikagua paa kwa kuingia darini mchana, akifunga mlango nyuma yake na kukaa gizani. "Paa huliangalii kutoka nje," aliniambia. "Nje ni rangi tu. Ingia ndani, zima taa, ngoja macho yazoee. Lenyewe litakuonyesha." Penye tundu, hata dogo kama kichwa cha pini, mwanga ulipenya.

Sikusoma chuo cha ufundi. Elimu yangu rasmi iliishia darasa la saba. Lakini katika stoo ya misheni kulikuwa na sanduku la vitabu vya ujenzi na vijikaratasi vilivyokuja na mabati, vingi kwa Kiingereza, na Msimamizi aliniruhusu kuvichukua. Nilivisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa jioni mbili au tatu, na kila nilichoelewa nilikiandika kwa Kiswahili kwenye daftari. Nilianza pia kuandika kila paa nililoezeka: kijiji, mwinuko wa paa, aina ya mbao, upepo, tulianzia wapi na kwa nini. Daftari hizo ninazo hadi leo. Ziko kumi na moja, na nitaeleza jinsi zilivyoniaibisha.

Kutoka misheni nilifanya vibarua vya halmashauri kwa vipindi, chini ya Mhandisi wa Ujenzi. Huyu alikuwa mkali na wa haki. Alinifundisha kutofautisha maji yanayovuja na jasho la bati. Wageni wa Njombe hawalijui jasho hili. Miezi ya baridi, hewa ya joto ya ndani hupanda usiku na kukutana na bati lililopoa kama barafu. Asubuhi chini ya bati kunakuwa na matone kama umande, yanaanguka juu ya dari, na mwenye nyumba anaapa kwamba paa linavuja. Mhandisi alisema, "Jasho halichagui mahali. Maji yanayovuja yana njia. Kabla hujamlaumu fundi, tafuta njia." Ukikuta unyevu umetanda kote sawasawa, toboa matundu ya hewa chini ya fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, jambo limekwisha. Ukikuta mistari, una kazi.

Nilipofikisha miaka arobaini nilianza kikosi changu. Tulikuwa wanne, na mkono wangu wa kulia alikuwa Lusungu, mtu mzima mwenzangu, nimempita miaka mitano tu. Aliniita kaka. Alikuwa na nguvu, mwepesi juu ya papi, na mkono wake ulikuwa msafi: msumari wake ulisimama wima na raba yake, ile pete ya mpira chini ya kichwa cha msumari, haikupasuka. Papi ni zile mbao nyembamba zinazolala juu ya kenchi ili bati lipigiliwe. Kutembea juu yake ukiwa umebeba bati kwenye upepo wa hapa si jambo dogo, na Lusungu alitembea kama anakwenda dukani. Tulifanya naye kazi miaka mingi, kuanzia Makambako hadi Matembwe. Magoti yangu yaliponikataza ngazi, nilimwachia kikosi na vifaa. Nilidhani nimemwachia na ujuzi wote.

Mwaka wa pili wa kustaafu kwangu, mvua za kwanza zilipoanza, alinijia Mama Faraja wa Kichiwa. Alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, mtu wa maneno machache. Tulisalimiana kamwene, akakaa, akakataa chai mara moja, akaikubali mara ya pili.

"Nyumba yangu inalowa, fundi. Haina hata miezi mitano."

"Kaezeka nani?"

"Lusungu wako."

Nikamuuliza Lusungu anasemaje.

"Alikuja. Alipanda na ndoo, akamwaga maji juu ya bati, ndoo sita. Halikuingia hata tone. Akasema mama, hili ni jasho la bati, litaisha likizoea. Bati linazoea, fundi?"

"Halizoei."

"Nami nilifikiri hivyo." Aliweka kikombe chini. "Sikiliza. Mama yangu yuko Ipelele, kwenye nyumba yenye sakafu ya udongo. Kifua chake hakiwezi tena baridi ile na unyevu ule, na mimi nimeuguza vifua vya namna hiyo miaka thelathini, najua vinakoelekea. Nyumba hii nimeijenga kwa ajili yake. Chumba chake kiko tayari. Nimeagiza gari Jumamosi ya wiki ijayo. Nenda uangalie. Ukisema ni jasho, namleta. Ukisema ni kuvuja, simleti kwenye nyumba inayovuja."

Hivyo ndivyo neno langu moja lilivyokuja kubeba mambo mawili. La kwanza ni kifua cha bibi wa watu. La pili ni jina la Lusungu, ambaye wakati huo alikuwa na kazi tatu Kichiwa zinazomsubiri. Kijiji kile watu wanajuana. Paa moja likisemwa vibaya baada ya ibada ya Jumapili, hadi Jumatatu hakuna anayekuita.

Nilikwenda kesho yake asubuhi, nikiwa na tochi, futi ya kupimia, chaki na daftari. Nyumba ilikuwa nzuri. Ilisimama kwenye mgongo wa kilima, ubavu wake mfupi ukitazama barabara upande wa mashariki, na nyuma yake kulikuwa na shamba la parachichi. Bati lilikuwa la rangi ya maruni, la mawimbi ya kawaida, geji nzuri, yaani nene vya kutosha. Niliizunguka kwanza bila kupanda. Misumari ilikuwa juu ya migongo ya bati, si kwenye mabonde maji yanakopita. Kofia, lile bati linalofunika kilele, lilikuwa limeshuka vya kutosha pande zote. Kwa macho ya nje, ilikuwa kazi ya Lusungu ninayemjua.

Kisha niliingia darini kama Msimamizi alivyonifundisha, nikafunga kifuniko, nikazima tochi. Hakuna mwanga uliopenya. Nilikaa kama nusu saa. Nilipowasha tochi na kuanza kukagua papi moja baada ya nyingine, niliona madoa. Mbao ya msindano ikilowa na kukauka mara kadhaa huacha alama ya kahawia yenye ukingo, kama chai iliyomwagika kitambaani. Madoa yalikuwepo kwenye papi zote za upande wa kusini, na kila doa lilikuwa mbali na mwenzake kwa kipimo kilekile. Nilipima mara nne. Kilikuwa upana wa bati moja ukitoa sehemu iliyolaliwa.

Jasho halichagui mahali. Haya yalikuwa yamechagua, tena kwa futi.

Nilitoka nje, nikaegemeza ngazi kwenye kona ya barabara, nikapanda ngazi tano, ambazo ni mbili zaidi ya magoti yangu yanavyopenda. Niliingiza ukucha kwenye ukingo wa bati. Ukingo wa juu ulitazama mashariki. Walikuwa wameanzia barabarani. Niliinua kitambaa changu cha mfukoni, na upepo ukakivuta kuelekea kwenye parachichi. Upepo wa mvua wa Kichiwa, kwenye mgongo ule, unatoka barabarani. Kila mwanya wa paa lile ulikuwa umeutazama upepo usoni, bati baada ya bati, hadi nyuma.

Ndoo sita za Lusungu zisingeweza kuonyesha hilo. Maji ya ndoo yanateremka tu. Hayana wa kuyasukuma.

Mama Faraja alikuwa amesimama chini, mikono kifuani.

"Sema," aliniambia.

"Naomba nimwite Lusungu kwanza. Nitasema mbele yake."

"Ukimwita mtakubaliana lugha."

"Hatutakubaliana lugha, mama. Ila sitaki asikie kwa watu."

Alinitazama kwa muda, akasema nina mpaka saa tisa.

Lusungu alifika kwa pikipiki, kofia ya kazi kichwani. Alijua. Fundi akiona ngazi imeegemezwa kona ile na sio nyingine, anajua swali limeshaulizwa.

"Kaka, kamwene. Nimesikia umetoka kwenye kustaafu."

"Kamwene. Nimetoka kwa siku moja. Lusungu, upepo wa hapa unatoka wapi?"

Aliangalia migomba ya jirani, akaangalia moshi wa jikoni.

"Barabarani."

"Na ulianzia wapi?"

"Barabarani."

"Kwa nini?"

"Mchungaji alikuwa anakuja. Mama alitaka bati la kwanza liwe hapa, juu ya baraza. Tukaliweka, wakaomba, tukaendelea." Alisema bila kujitetea, kama mtu anayesoma orodha. Kisha aliongeza, na hapo sauti ilibadilika kidogo: "Kama wewe ulivyofanya Matembwe."

Nilimuuliza Matembwe gani.

"Nyumba ya mwalimu mkuu. Mchungaji alikuja, watu wakasimama barabarani, ukaweka bati la kwanza pale, wakaomba. Mimi nilikuwa nimeshika nyundo nangoja uniambie tulishushe, kama tulivyokuwa tukifanya, na kama ulivyotuhadithia habari za yule mzee wako wa Tanga. Hukuniambia. Ukasema lete la pili. Tukaenda mpaka mwisho, na nyumba ile mpaka leo haijavuja. Nikasema basi, habari ya kushusha ilikuwa mambo ya wazee. Kaka ameiacha."

Nilikuwa na daftari la miaka ile nyumbani, lakini sikulihitaji. Nililikumbuka paa lile vizuri. Kule Matembwe upepo ulitoka nyuma ya nyumba, ukipanda bondeni na ukungu wake. Mbele, barabarani, ndipo palipotakiwa kuanzia. Siku ile sala na upepo vilikubaliana, jambo ambalo halitokei mara nyingi, na nilifurahi kwa sababu halikutugharimu muda. Nililiandika jioni ile: upepo kutoka nyuma, tumeanza mbele, bati la sala halikushushwa kwa kuwa halikuhitajika kushushwa. Nililiandika kwa mwandiko mzuri. Sikumwambia mtu aliyekuwa ananipitishia mabati.

Naandika haya kwa vijana wa ufundi, kwa hiyo niweke wazi. Lusungu hakuwa fundi mvivu. Alinitazama kwa makini kuliko wengine wote, na alichokiona alikifanya. Kosa langu lilikuwa kwamba nilimwonyesha mkono na sababu nikaiweka kwenye karatasi. Miaka yote nilikuwa najisifia daftari zile moyoni, kwamba mimi siyo fundi wa kubahatisha, mimi naandika. Na daftari kumi na moja hazikumfikia hata mtu mmoja aliyekuwa hatua tatu kutoka kwangu.

Mama Faraja alikuwa amesikia yote. Tulikuwa tumesimama kwenye baraza lake, na alikuwa hajaondoka.

"Ni kuvuja," nilimwambia. "Sio jasho. Mabati yamepangwa kinyume na upepo. Kuziba kwa silikoni, ile gundi ya mpira, hakutasaidia. Gundi itashika msimu mmoja, itaachia, na maji yatakuwa yameshafika kwenye dari la chumba cha mama. Dawa ni kuezua na kupanga upya kuanzia kule kwenye parachichi. Mabati hayana tatizo, mbao hazijaoza. Kosa la kuanzia ni la Lusungu. Kosa la kutomweleza ni langu."

"Kwa hiyo mmenijengea kosa moja watu wawili."

"Ndiyo, mama."

"Na la kuchekesha, mmoja wenu hakuwepo." Hakuwa anacheka. Alimgeukia Lusungu. "Na wewe uliniambia bati litazoea."

Lusungu alivua kofia. "Nilikosea, mama. Nilimwaga maji, sikuona kitu, nikaona aibu kusema sijui."

Ilikuwa kauli nzuri kuliko zote zilizosemwa siku ile, na nadhani Mama Faraja aliiona hivyo, kwa sababu alikaa chini kwenye kigoda na kuuliza kazi itachukua siku ngapi. Lusungu alisema nne, kwa kikosi chake, na kwamba yeye ndiye atakayefanya. Nilisema tano, kwa kuwa mvua itatusimamisha. Jumamosi ya gari ilikuwa imebaki siku nane.

Lakini kulikuwa na jambo lingine. Alinyoosha kidole juu, kwenye kona ya barabara.

"Lile bati limeombewa. Wazee wa kanisa walikuwepo, kwaya ilikuwepo. Siwezi kusikia misumari inang'olewa pale."

Nilimweleza habari za Fundi Mkuu, kofia mkononi, misumari miwili iliyopigwa nusu. Nilimweleza kwamba nyumba nyingi anazozijua, pengine hata ya mchungaji mwenyewe, bati lake la sala liliwahi kushuka wakati watu wakila. Alisikiliza kwa uso wa mtu anayeambiwa siri za jirani. Mwisho alitoa simu akampigia mchungaji, akamweleza kirefu. Alipokata, aliiweka simu magotini.

"Anasemaje?" Lusungu aliuliza.

"Anasema yeye aliombea nyumba na watakaokaa humo. Misumari hakuiombea. Anasema misumari ni kazi yenu, na anashangaa mlivyofikiri ni yake."

Tulianza asubuhi iliyofuata. Mimi sikupanda. Nilikaa chini na chaki na daftari, nikapangia kila bati namba kabla halijang'olewa, ili lirudi mahali pake na matundu yake yakutane na papi zake. Kofia za kilele zilitoka kwanza. Kisha kwa kuwa bati la mwisho ndilo lililokuwa juu ya mengine yote, tuliezua kutoka nyuma, upande wa parachichi, tukija mbele. Msumari wa bati hauvutwi hivihivi. Unaweka kipande cha ubao chini ya nyundo ili usibonyeze mgongo wa bati, unauinua taratibu. Lusungu aliwaonya vijana wake mara moja tu, kisha akaanza kufanya mwenyewe huku akieleza. Nilimsikia kutoka chini. Alikuwa anaeleza kila kitu: kwa nini ubao, kwa nini mgongo na sio bonde, kwa nini raba ya zamani haitumiki tena. Alieleza hadi mmoja wao akamwambia, "Fundi, leo umemeza redio." Hakujali.

Tulipanga upya kuanzia kwenye parachichi. Matundu ya zamani tuliyazibia kwa misumari minene zaidi yenye raba pana. Siku ya tatu mvua ilitukamata nusu ya paa ikiwa wazi. Tulitandika turubai juu ya chumba cha mama, tukaacha sebule ilowe. Mama Faraja alihamisha viti vyake mwenyewe bila kusema neno, jambo lililotuumiza kuliko kama angesema.

Siku ya tano lilibaki bati moja, lile la kona ya barabara. Lusungu alilifuta vumbi kwa kitambaa kabla ya kulipandisha. Lilirudi mahali lilipoombewa, hatua kwa hatua, msumari kwa msumari. Tofauti ni kwamba awali lilikuwa chini ya mwenzake, na sasa lilikuwa juu yake, na ukingo wake uliutazama upande wa parachichi. Kutoka barabarani mtu asingeona mabadiliko yoyote.

Sikumwambia Mama Faraja kwamba kazi imekwisha. Nilimwambia tungoje mvua ya upepo. Ilikuja Alhamisi mchana, kwa nguvu, ikitoka barabarani kama inavyotoka sikuzote. Mimi na Lusungu tuliingia darini, tukafunga kifuniko, tukazima tochi. Mabati yalipiga kelele hata hatukuweza kusikilizana. Tulikaa gizani hadi mvua ikapita, kisha tukawasha tochi na kupitia papi moja moja, tukigusa kila doa la zamani kwa kiganja. Yote yalikuwa makavu.

"Sasa mwambie," nilisema.

"Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyeulizwa."

"Wewe ndiye uliyeezeka."

Alishuka akamwambia. Jumamosi gari lilikwenda Ipelele. Bibi alifika jioni, amefungwa mablanketi mawili, akakataa kubebwa. Aliingia chumbani, akapapasa ukuta, akapapasa godoro, kisha akainua mkono kuelekea darini ambako hakufika. Alimuuliza binti yake kwa Kikinga kitu ambacho sikukielewa. Mama Faraja alitafsiri: "Anauliza nani amehakikisha juu." Akajibu mwenyewe kwa kututazama sisi wawili. Bibi anaishi pale hadi leo, na msimu wa baridi uliopita hakulazwa.

Watu huniuliza ninakosa nini baada ya kustaafu. Sikosi ngazi. Sikosi upepo wa Makambako saa tatu asubuhi ukiwa umebeba bati. Nikijipima, naona nilijua kazi vizuri na niliifanya vizuri, na kwa muda mrefu nilidhani hayo mawili yanatosha. Sasa jioni nanakili daftari zile upya, kwa maneno mafupi, na mbele ya kila tulichofanya naweka kwanza sababu. Lusungu anachukua kurasa zikiwa tayari. Analalamika mwandiko umekuwa mdogo.

Mwezi uliopita nilikuwa napita Kichiwa kwa miguu nikakuta watu wamekusanyika mbele ya nyumba mpya. Mchungaji alikuwa anaomba. Bati moja lilikuwa juu, kona ya barabara, na Lusungu alisimama kando yake kwenye ngazi, kofia mkononi. Nilisimama nyuma ya watu. Sala ilipoisha, wote walikwenda uani kwenye chakula, isipokuwa kikosi. Lusungu aliwaita vijana wake karibu na ngazi, akamuuliza mmoja wao upepo unatoka wapi, akangoja jibu, akaanza kueleza kwa viganja viwili. Alieleza kwa muda mrefu. Nadhani chakula chao kilipoa.

Sikumsogelea. Nilingoja hadi alipong'oa misumari miwili na bati likashuka, kisha nikaendelea na safari yangu.